Magnesiamu, famotidini au omeprazoli? Dawa tatu za asidi na homoni moja iliyo nyuma yake

Malori yakikwama kwenye foleni ya mpaka wa Kenya na Uganda hapa Malaba, najua mapema kwamba jioni itakuwa ya dawa za tumbo. Dereva anasimama mbele ya kaunta, kiganja kimekaa kwenye chembe cha moyo, anabeua, anatazama pembeni, kisha anasema: "Daktari, nipe ile ya alsa." Mimi si daktari, ni mhudumu wa famasi. Lakini mpakani kila aliye nyuma ya kaunta ya dawa ni daktari, au musawo kwa wanaotoka upande wa Jinja na Kampala. Nikimuuliza ni ipi, anataja moja kati ya tatu: vidonge vyeupe vya kutafuna ambavyo wote tunaviita magnesiamu, famotidini, au "ome", yaani omeprazoli.

Halafu linakuja swali lenyewe: "Kati ya hizo, kali ni ipi?"

Swali ni la haki na jibu lake ni fupi: omeprazoli. Ila kwa miaka niliyokaa kaunta nimejifunza kwamba ukali ni kipimo kibaya cha kuchagulia dawa ya asidi. Asidi ya tumbo haikai peke yake. Nyuma yake kuna homoni inaitwa gastrini, na homoni hiyo, mbali na kuagiza asidi, inaziambia seli za ukuta wa tumbo lini zigawanyike na inagusa hata namna zinavyokufa. Kila dawa kati ya hizi tatu inaigusa kwa njia yake. Ukijua inavyoigusa, utajua dawa ipi ni ya siku moja, ipi ni ya wiki chache, na ipi usiianze bila kujua utaimaliza lini.

Mambo tutakayopimia

Nitazipitisha zote tatu kwenye mambo matano yale yale: inaanza kazi lini na inadumu kiasi gani, inaifanya nini gastrini na seli za ukuta, siku ya kuiacha inakuwaje, inaelewana vipi na dawa nyingine, na bei. La pili nitalikalia zaidi. Hakuna anayeliuliza kaunta, na kwa maoni yangu ndilo linaloeleza sehemu kubwa ya mengine.

Kwanza, gastrini yenyewe

Mwaka 1905 Mwingereza John Sydney Edkins alieleza kwamba kwenye utando wa sehemu ya chini ya tumbo kuna kitu ambacho, kikiingizwa kwenye damu ya mnyama, huamsha asidi. Akakiita gastrini. Wenzake walimpinga kwa miongo kadhaa, kwa sababu histamini nayo ilionekana kufanya kazi hiyo hiyo. Mwaka 1964 Roderic Gregory na Hilda Tracy, wakiwa Liverpool, waliitoa homoni hiyo safi kutoka matumbo ya nguruwe, na ubishi ukaisha. Baadaye ikaonekana kwamba pande zote mbili zilikuwa na haki: gastrini inafanya kazi yake kubwa kwa kuituma histamini.

Inakwenda hivi. Umekula sahani ya posho na maharage. Tumbo linatanuka, protini za maharage zinaanza kuvunjika, na seli ziitwazo seli za G, zilizo sehemu ya chini ya tumbo, zinamwaga gastrini kwenye damu. Homoni inazunguka na damu hadi sehemu ya juu ya tumbo hilo hilo, inazikuta seli nyingine ziitwazo ECL, nazo zinatoa histamini. Histamini inabisha hodi kwenye seli za asidi zilizo jirani, na pampu zilizo ndani ya seli hizo zinaanza kusukuma asidi nje. Asidi ikishakuwa kali vya kutosha, seli za D zinatoa somatostatini, na somatostatini inazinyamazisha seli za G. Gastrini inashuka, kazi inatulia hadi mlo ujao.

Shika jambo moja hapo: asidi ndiyo breki ya gastrini. Ukiiondoa asidi, umeiondoa na breki.

Kazi ya pili ya gastrini ni ujenzi. Utando wa tumbo haukai na seli zile zile. Zile za juu kabisa, zinazotoa ute wa kulinda ukuta, hudumu siku chache tu kisha zinabanduka. Seli za asidi zinaishi zaidi. Kwa panya wa maabara ni takriban siku 54. Katikati ya vijishimo vya ukuta kuna seli shina zinazozaa mbadala wa hizo zote. Gastrini ndiyo mmoja wa wasimamizi wa kazi hiyo: inasukuma mgawanyiko wa seli, inazikomaza seli za asidi, na inaziongeza seli za ECL. Panya waliozalishwa bila gastrini wana seli chache za asidi zilizokomaa, na matumbo yao karibu hayatoi asidi. Upande wa pili, mwaka 1955 madaktari Robert Zollinger na Edwin Ellison wa Marekani walieleza wagonjwa wenye vidonda vilivyokuwa vinarudi hata baada ya upasuaji. Chanzo kilikuwa vivimbe vya kongosho, na baadaye ikajulikana kuwa vivimbe hivyo vinamwaga gastrini bila kukoma. Matumbo ya wagonjwa wa aina hiyo huwa na mikunjo minene, seli za asidi zimejaa.

Kazi ya tatu ndiyo ngumu kueleza, na ndiyo inayonivutia zaidi: kifo cha seli. Seli iliyochakaa au kuharibika ina utaratibu wake wa kufa, unaoitwa apoptosisi. Inasinyaa, inajikata vipande vidogo, na seli jirani zinavimeza, bila uvimbe wala usaha. Kwenye utaratibu huu gastrini ina nyuso mbili. Katika baadhi ya seli inawasha ishara za kuishi, na seli iliyopaswa kuondoka inabaki. Lakini panya waliobadilishwa vinasaba ili wawe na gastrini nyingi maisha yao yote walionyesha jambo lingine. Mwanzoni asidi ilipanda, kama ungetarajia. Miezi ilipopita, seli za asidi zilianza kupotea, vifo vya seli vikaongezeka, asidi ikashuka, na mwishowe wengi walipata saratani ya tumbo, haraka zaidi walipoambukizwa bakteria wa jamii ya Helikobakta. Kwa hiyo homoni moja inaweza kuiokoa seli hii na kuiua ile, kutegemea ni seli gani, kwa kiasi gani na kwa muda gani. Kinachoharibika ni ule usawa kati ya seli zinazozaliwa na zinazokufa, na usawa huo hauharibiki kwa wiki mbili.

Hao ni panya, na binadamu si panya. Ila binadamu nao wana ushahidi wao. Watu ambao kinga yao wenyewe imezila seli za asidi huwa na gastrini ya juu sana kwa miaka, na baadhi yao huota vivimbe vidogo vya seli za ECL. Dawa ya majaribio inayoitwa netazepaidi, ambayo inaziba mlango ambao gastrini hupitia kuingiza ujumbe wake kwenye seli, ilivipunguza vivimbe hivyo. Hilo linaonyesha wazi nani alikuwa anavilisha.

Zinaanza lini, zinadumu kiasi gani

Magnesiamu haigusi pampu wala histamini. Inaikuta asidi iliyokwisha kumwagika na kuizima pale pale, ndani ya dakika chache. Dereva anatafuna viwili, unga mweupe unabaki kwenye pembe za midomo, na kabla hajapokea chenji anapumua kwa nafuu. Ukiinywa tumbo likiwa tupu inadumu nusu saa hadi saa moja. Baada ya chakula inaweza kufika saa tatu.

Famotidini inaziba mlango wa histamini kwenye seli ya asidi. Inahitaji kama saa moja kuanza na inadumu saa 10 hadi 12, kwa hiyo kidonge cha jioni kinakubeba usiku. Ni ndugu wa simetidini, dawa iliyotoka miaka ya 1970 kutokana na kazi ya James Black, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Ndugu yao mwingine, ranitidini, wengi waliizoea hapa. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza iondolewe sokoni Aprili 2020 kwa sababu ya uchafu wa kemikali uitwao NDMA. Famotidini haikuguswa na agizo hilo.

Omeprazoli, iliyoanza kuuzwa mwaka 1988, inaifunga pampu yenyewe, moja kwa moja, hadi seli itengeneze pampu mpya. Lakini inazifunga pampu zilizo kazini tu. Ndiyo maana inapaswa kunywewa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, hasa asubuhi, na ndiyo maana siku ya kwanza haitoshi: nguvu yake kamili inakuja baada ya siku tatu hadi tano. Nusu ya watu wanaolalamika kwangu kwamba "ome haifanyi kazi" wanainywa usiku wakiwa wameshiba, siku wanayoumwa tu. Hiyo ni kuinunua bure.

Gastrini na ukuta wa tumbo

Magnesiamu inapunguza asidi kwa muda mfupi mno kiasi kwamba breki ya gastrini inarudi kabla homoni haijafanya lolote la maana. Kwa ukuta wa tumbo ndiyo nyepesi kuliko zote. Tofauti ni vidonge vya kutafuna vyenye kalsiamu: kalsiamu inaziamsha seli za G zenyewe, na asidi inaweza kurudi ikiwa nyingi kuliko ilivyokuwa. Soma kilichoandikwa kwenye pakiti kabla ya kulipa.

Hapa hapa niseme neno juu ya maziwa baridi, tiba ya kila nyumba. Yanatuliza kwa dakika kadhaa, ni kweli. Kisha protini na kalsiamu yake vinaamsha asidi upya. Na wanaoshuka jioni kunywa: bia na mvinyo vimepimwa na kuonekana vinaamsha gastrini kwa nguvu, wakati pombe kali zilizokenekwa haziiamshi hivyo. Hiyo si ruhusa ya waragi. Pombe kali inaunguza utando moja kwa moja, bila kupitia homoni yoyote.

Famotidini inapandisha gastrini kidogo. Ila ina tabia moja: ukiinywa kila siku, baada ya wiki moja au mbili nguvu yake inapungua. Seli za ECL zinaendelea kuagizwa na gastrini kutoa histamini, na mlango mmoja uliozibwa unazidiwa. Mtu akiniambia famotidini "imezoeleka mwilini", simbishii, ndivyo ilivyo. Ukiinywa siku unazohitaji tu, tabia hiyo haikusumbui sana.

Omeprazoli inaizuia asidi karibu mchana kutwa na usiku, kwa hiyo breki inaachiwa kabisa. Gastrini ya mtumiaji wa kawaida hupanda mara 2 hadi 4, na kwa wachache hupanda zaidi. Kwenye miaka ya 1980, kabla dawa haijaenea, panya waliopewa dozi kubwa maisha yao yote waliota vivimbe vya seli za ECL. Ilizua hofu kubwa. Watafiti walipoikata sehemu ya tumbo inayotengeneza gastrini kabla ya kuwapa dawa, seli za ECL hazikuongezeka. Kwa hiyo kilichozikuza hakikuwa dawa yenyewe, bali homoni iliyoachiwa breki.

Kwa binadamu, baada ya miongo ya matumizi, picha ni tulivu zaidi. Seli za ECL huongezeka kwa watumiaji wa muda mrefu. Vinundu vidogo vya juu ya tumbo hutokea kwa baadhi, na kwa kawaida havina madhara na hupungua dawa ikiachwa. Vivimbe kama vile vya panya ni nadra mno. Kuna tafiti zilizokuta saratani ya tumbo zaidi kwa wanaotumia dawa hizi miaka mingi, lakini mtu mwenye saratani inayoanza naye huumwa tumbo na kupewa omeprazoli, kwa hiyo hazijathibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo. Naliandika hili kwa makini kwa sababu nimeona mama aliyekuwa na kidonda kinachovuja damu akiacha omeprazoli kwa kuogopa saratani aliyoisikia redioni. Kidonda kile kingemuua kabla ya gastrini haijahesabiwa.

Kinachobadilisha hesabu ni bakteria Helikobakta pailori. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia ndio waliomtoa gizani mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kupata Nobel mwaka 2005. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilimweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Huyu naye anapandisha gastrini, kwa kuzidhoofisha seli za D zinazotoa somatostatini. Akiwepo, ukikaa na omeprazoli kwa muda mrefu, uvimbe wake unapanda kutoka chini ya tumbo kwenda juu, kwenye seli za asidi. Hapo ndipo ukuta unapoanza kunyauka. Dawa yoyote kati ya tatu inayotuliza maumivu huku bakteria ameachwa inatuliza ishara tu. Akiuawa kwa tiba kamili, gastrini hushuka yenyewe.

Siku ya kuacha

Magnesiamu unaiacha leo na hakuna kinachotokea. Famotidini, baada ya matumizi ya kila siku, inaweza kukuletea siku chache za kiungulia, kisha kinapita.

Omeprazoli ni habari nyingine, na hapa nina kisa cha nyumbani. Mjomba wangu, mkazi wa Tororo, alipewa kwa wiki nne. Akaendelea miezi saba, kwa sababu kila alipoacha, siku ya tatu au ya nne kiungulia kilirudi kikali kuliko mwanzo. "Mwanangu, bila hii dawa nakufa," aliniambia, na mfukoni alikuwa na ukanda wa vidonge uliokunjwa mara mbili, vimebaki viwili. Aliamini kidonda kimerudi. Hakikuwa kidonda.

Wakati dawa inazifunga pampu, gastrini iliyo juu inajenga: seli za ECL zinaongezeka, uwezo wa kutoa asidi unakua huku umefungiwa. Dawa ikiondoka, kiwanda kikubwa kinafunguliwa mara moja. Gastrini yenyewe hushuka ndani ya wiki chache, lakini seli zilizozaliwa zinabaki kwa wiki nyingi zaidi, hadi zife kwa zamu yao. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark walichukua watu 120 wazima, wasio na ugonjwa wowote wa tumbo. Nusu walipewa esomeprazoli, dada wa omeprazoli, kwa wiki nane kisha wakapewa vidonge bandia kwa wiki nne. Nusu nyingine walipewa bandia muda wote. Katika wiki za mwisho, asilimia 44 ya waliokuwa wamepewa dawa walipata kiungulia, mbweu za asidi au maumivu ya tumbo, dhidi ya asilimia 15 ya wengine. Watu wazima, wakaumwa kwa sababu ya kuacha.

Mjomba tulimshusha taratibu: wiki mbili siku moja moja ya kuruka, halafu famotidini jioni, na magnesiamu mfukoni kwa siku mbaya. Wiki ya tatu ilikuwa mbaya. Ya saba alikula katogo ya matoke na maini akalala.

Zikikutana na dawa nyingine

Hapa magnesiamu, ile iliyoonekana nyepesi, ndiyo yenye hatari zaidi. Watu wengi Uganda wanakunywa dolutegraviri, dawa ya VVU, kila siku. Magnesiamu na alumini (madini mengine ya vidonge vya kutafuna) huishika dawa hiyo tumboni isiingie mwilini: dolutegraviri inywewe saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baadaye. Famotidini na omeprazoli haziisumbui. Atazanaviri, nayo ya VVU, ni kinyume: inahitaji asidi, kwa hiyo omeprazoli inaiharibu, na mwenzake rilpivirini haipaswi kabisa kukutana na omeprazoli. Magnesiamu na alumini pia hushika antibiotiki za doksisaiklini na siprofloksasini, na vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito; tenganisha kwa saa kadhaa. Anayetumia klopidogreli ya moyo amwambie daktari kabla ya kuanza omeprazoli.

Mwenye figo mbovu asijitafunie magnesiamu, inamjaa mwilini. Famotidini naye hupunguziwa dozi. Na omeprazoli ya muda mrefu inapunguza vitamini B12 na madini ya magnesiamu yaliyo kwenye damu, na inamwondolea mtu asidi ambayo ndiyo mlinzi wa kwanza dhidi ya vijidudu vya maji machafu. Kwa anayekunywa maji ya kisima bila kuchemsha, hilo si jambo dogo.

Bei

Magnesiamu ni ya bei ndogo kuliko zote na iko hata kwenye kioski. Omeprazoli ya jina la kawaida haiko mbali, nayo hupatikana vituo vingi vya afya vya serikali. Famotidini ndiyo inayosumbua kupatikana nje ya miji.

Uko wapi wewe?

Kiungulia kinakuja mara moja moja, baada ya rolex ya usiku (chapati ya kuviringisha na mayai) au nyama choma, na kinaondoka: magnesiamu inakutosha. Ukiona unaimaliza pakiti kila wiki, umeshatoka kwenye kundi hili.

Kinakuja usiku, mara mbili tatu kwa wiki, au unajua kabisa leo utakula kinachokuletea kiungulia na huwezi kukwepa: famotidini, siku hizo tu. Ndiyo pia ninayowashauri madereva wa safari ndefu, kwa sababu haihitaji kupangwa na mlo kama omeprazoli, na barabarani mlo haupangiki.

Una mimba: anza na chakula kidogo kidogo na mto wa juu, kisha magnesiamu mbali na vidonge vya chuma. Ikishindikana, mkunga au daktari wa kliniki ndiye aamue kati ya hizo mbili nyingine. Soda ya kupikia iache jikoni.

Unakunywa ibuprofeni, diklofenaki au aspirini kwa maumivu ya mgongo au moyo, na tumbo linauma: omeprazoli inakulinda kuliko hizo mbili, na hapa gastrini kupanda kidogo ni bei ndogo ya kulipa. Lakini uliza kwanza kama hizo za maumivu zinaweza kuachwa. Nimeona wengi wakinunua zote mbili pamoja, kila wiki, mwaka mzima, na hakuna aliyewauliza mgongo unaendeleaje.

Maumivu yamezidi wiki kadhaa na hujawahi kupimwa Helikobakta: usianze na omeprazoli kesho asubuhi, kama unaweza kuvumilia. Kipimo cha choo kinahitaji uwe umeiacha angalau wiki 2, na antibiotiki wiki 4, la sivyo kinaweza kukuambia huna wakati unaye. Magnesiamu karibu haikigusi, kwa hiyo inakufaa kama daraja. Kile cha damu kinaonyesha tu kwamba uliwahi kukutana na bakteria, si lazima kwamba unaye leo. Ukipatikana naye, omeprazoli inarudi, safari hii ikiwa na antibiotiki mbili kwa siku 14, na hakuna kuishia siku ya tano kwa sababu maumivu yameisha.

Choo ni cheusi kama lami, unatapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, chakula kinakwama unapomeza, umekonda bila sababu, au una zaidi ya miaka 50 na maumivu haya ni mageni: usichague yoyote kwangu. Unahitaji kuangaliwa ndani kwa mpira wenye kamera, kama wanavyofanya hospitali ya Mulago, Kampala, na vidonge vinaweza kuficha ishara hadi muda uwe umepita.

Na kama umekunywa omeprazoli zaidi ya miezi miwili na hukumbuki ilianzia wapi, njoo na boksi lenyewe, si karatasi ya jina tu. Kuna wanaostahili kuendelea: wenye umio uliochubuka vibaya, wenye ugonjwa wa Zollinger na Ellison, wenye kidonda kilichovuja damu na aspirini hawawezi kuiacha. Wengine tutahesabu pamoja wiki za kushuka. Nitaandika kwa kalamu ya bluu kwenye kifuniko tarehe ya leo, tarehe ya mwisho, na namba ya wiki ambayo kiungulia kitarudi, ili kikirudi usikimbilie kununua boksi jingine.